KISANDUKU KISIVUNJWE CHOTE

Ndugu wanaushirika,

Desemba inakaribia na maneno yameanza, bombani na mashineni: kisanduku chetu cha hisa kivunjwe, kila mtu achukue chake mpaka senti ya mwisho. Sisi tunaoandika ubao huu tunasema kivunjwe, lakini robo ya hisa za kila mmoja ibaki.

Kutaka hela yako si kosa. Januari ina sare na madaftari, kila mzazi anajua. Lakini tuulizane, kuanzia hapo mpaka Machi nani atamkopesha mwenzetu? Ndiyo miezi ya kutengeneza majaruba, kutafuta mbegu na mbolea, na vibarua wa kupandikiza hawangoji. Mkulima akikwama anamwendea mlanguzi, anamuuzia mpunga ambao haujatoa hata suke. Tuseme kapewa 40,000 kwa gunia ambalo wakati wa mavuno lingempa 80,000. Angekopa kwetu kwa riba ya asilimia 10 angerudisha 44,000, na ile 4,000 ingegawanywa humu humu, yeye mwenyewe akiwemo. Mwingine anakimbilia mikopo ya kausha damu, na hao mnawajua, hata godoro wanabeba.

Tumtazame na mama wa maandazi. Mkopo wa kwanza ni unga na mafuta; faida yake inaliwa nyumbani, na ni halali iliwe. Ni mkopo wa pili na wa tatu unaonunua karai kubwa, meza, na gunia zima la unga badala ya kupima kilo mbili mbili dukani kwa bei ya juu. Hapo ndipo biashara inapokua. Sasa sisi kila Desemba tunafuta kila kitu, na kila Januari mama yule anaanza upya kama mgeni. Miaka inakwenda, karai ni lile lile.

Wazee wetu walichimba ndiva. Maji hufungwa usiku yajae, asubuhi hufunguliwa kwa zamu. Ila ndiva ina mto unaoijaza kila usiku. Kisanduku kinajazwa na hisa za wiki, polepole mno.

Wapo wanaosema halmashauri ipo. Kweli, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ni ya kukopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, tena bila riba. Tuombe, tusione haya. Lakini mikopo ile ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024, na huo mwaka mzima mpunga haukusimama kungoja. Wanawake wa Niger walioanza vikundi vya namna hii mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE, walianza na akiba yao wenyewe.

Hofu ya wizi tumeisikia. Hiyo robo isilale kisandukuni: ikopeshwe mkutanoni siku ile ile, mbele ya watu wote, na iandikwe. Na jambo moja tubadilishe. Tunawadai wote marejesho ya kila wiki, utadhani mpunga unavunwa kila Jumamosi! Wa maandazi alipe kwa wiki, wa mpunga alipe akivuna.

Mkutano ni Jumapili alasiri. Daftari la hisa litakuwa mezani, wenye funguo tatu wasichelewe. Asiyekubaliana nasi aandike hapa chini, nafasi tumeacha. Kalamu iko kwa katibu.