WATOTO WETU NJIANI



Katika kazi yetu ya reli, gari halitoki stesheni mpaka dereva apewe ruhusa na njia ihakikishwe kuwa wazi. Lakini mtoto wa mfanya kazi hapa Kakamega hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza bado, akafuata ukingo wa barabara kuu iendayo Kisumu na Webuye. Malori na matrekta ya miwa humpita karibu na bega. Huyo ni nani aliyemhakikishia njia?

Twaanza na saa. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, yaishe saa tisa na nusu. Jua la huku kwetu huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Basi hata mtoto wa mwendo wa saa nzima angeweza kutembea kwenye mwanga. Giza hili limeletwa na masomo ya alfajiri, ambayo shule nyingi huyadai na wazazi wengi huyashangilia kwa sababu ya mitihani. Mfanya kazi akiitwa kabla ya zamu yake hudai malipo ya saa za ziada. Mtoto atadai kwa nani?

Jioni ni mvua, na mvua ya Kakamega wote mwaijua. Mwenye sweta moja huloa leo, na kesho alfajiri huivaa ingali mbichi. Akikohoa na kusinzia darasani huitwa mvivu.

Wengine hupanda pikipiki, watoto watatu au wanne nyuma ya dereva mmoja, bila kofia ngumu. Sheria ya barabarani yaruhusu abiria mmoja tu. Tusiwalaumu vijana wa bodaboda peke yao, maana nao ni wafanya kazi, na wazazi ndio wanaogawana nauli ile. Mzazi hafanyi hivyo kwa kupenda. Nauli ya mtoto mmoja, asubuhi na jioni, siku tano kwa juma, haimo katika mshahara wake. Chama kikikaa mezani na waajiri kuhesabu gharama za maisha, nauli ya shule haina budi kuandikwa pamoja na unga na kodi ya nyumba.

Wala njia ya nyumbani haianzii langoni. Tarehe 3 Februari 1920 haikuwa. Ilikuwa juzi tu, mwaka 2020, watoto 14 wa Shule ya Msingi ya Kakamega walipopoteza maisha kwa kukanyagana ngazini, wakitoka darasani jioni kwenda kwao.

Kwa hiyo twataka kila tawi lichague watu wawili, waende kwa bodi za shule wakaombe mambo mawili: masomo yaanze saa mbili kama kanuni isemavyo, na madarasa yatoke kwa zamu. Wenye zamu ya mchana wapokezane kuwasindikiza watoto wa jirani asubuhi.

Kila mzazi ampe Katibu wa tawi jina la shule na barabara anayopita mtoto wake, kabla ya mkutano ujao.