Kipuri Kikuukuu Kutoka Ng'ambo

Akina mama wengi wamekuwa wakiniuliza: kijana anataka akiba ya nyumba ili aagize kabureta iliyokwisha tumika, au kichwa cha injini, kutoka Japani au Uingereza, je, apewe? Pikipiki ndiyo riziki ya nyumba nyingi hapa Pwani, na swali si dogo.

Mwenye Boxer au TVS hana haja ya kuvuka bahari, kwani vipuri vyake vipya hutoka India na vimejaa madukani. Haja humpata mwenye Honda au Yamaha ya zamani, ambayo baadhi ya vipuri vyake haviundwi tena. Huyo ana udhuru.

Basi tuitazame biashara yenyewe. Muuzaji yu mbali na bidhaa haionekani. Madhehebu yetu ya Shafi, katika kauli yake yenye nguvu, hayasahihishi uuzaji wa kitu mahususi ambacho mnunuzi hajakiona. Kauli yake ya kale, pamoja na madhehebu ya Hanafi, huuruhusu, na mnunuzi huwa na hiari ya kukubali au kukataa atakapokiona. Anayeishika ruhusa hiyo na aulize: hiari yangu ni ya kweli, au ni ya maneno tu? Maana nauli ya kurudisha chuma Osaka huenda ikaipita bei ya chuma chenyewe. Na huko Japani wauzaji huandika neno «janku» juu ya kitu wanachokiuza kilivyo, bila kukijaribu na bila kukirudisha. Aliyeandika hivyo amesema kweli. Lawama ni kwa asiyesoma. Ama anayeijua ila akaificha, hakuna sharti la maandishi linalomwokoa.

Mama, kabla hujatoa fedha, mwambie kijana akuoneshe namba ya kipuri. Namba ya Honda ina mafungu matatu: fungu la kwanza hutaja aina ya kipuri, la kati hutaja pikipiki kilichoundiwa. Likikosewa hilo la kati, kabureta itafika nzima isishike mahali pake. Kisha adai picha za ndani, bakuli la mafuta likiwa limefunguliwa, na kando yake karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Muuzaji anayeona uzito kupiga picha mbili aachwe.

Fedha zisitumwe mkononi mwa mtu asiyejulikana, maana hizo hazirudi. Masoko kama eBay yana utaratibu wa kurudisha malipo ikiwa kitu hakikulingana na maelezo. Na forodha isisahauliwe: kipuri cha shilingi 4,000 kilichosafirishwa kwa 3,000 huanza kuhesabiwa ushuru kwenye 7,000, pamoja na bima ikiwepo, halafu VAT ya asilimia 16 huja juu yake. Wapo wanaomwomba muuzaji aandike «zawadi» ili wakwepe. Huo ni uongo, hata ukiitwa ujanja.

Yote haya ni kwa vyuma. Pedi za breki, tairi, cheni na helmeti zilizotumika siziafiki kabisa, kwa bei yoyote. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tarakimu nne za ubavuni mwa tairi, mfano 2319, husema liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Helmeti iliyokwisha kupigwa haioneshi jeraha lake kwa nje. Kijana akiomba fedha za vitu hivyo, muongezee kidogo anunue vipya hapa hapa mjini.