Msumbiji: Vita vilikwisha, alama imebaki kwa tembo

WALIOREJEA Msumbiji baada ya mkataba wa amani wa Oktoba 4, 1992 walikuta nyumba hazina mapaa na mashamba yamegeuka pori, mengine yametegwa mabomu. Hayo yameandikwa sana. Hasara ninayotaka kuieleza leo imo ndani ya mwili wa mnyama.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, mkoani Sofala, mwaka 1972 walihesabiwa tembo zaidi ya 2,500. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakufika hata 250. Majeshi ya serikali na waasi wa RENAMO, wote waliwaua. Nyama ililiwa, pembe zikauzwa kugharimia vita.

Majike wasio na pembe walikuwapo tangu zamani, kama 18 katika kila 100. Miongoni mwa majike walionusurika vita, wakawa 51. Nimewahi kusikia mtu pale Mtambaswala, tukisubiri kugongewa muhuri, akisema tembo "wamejifunza" kutoota pembe ili wasiwindwe. Wengi tulikubali kwa kichwa. Lakini tembo hakujifunza kitu. Wenye pembe waliuawa, wasio nazo wakabaki kuzaa, na mabinti wakarithi kwa mama zao. Wataalamu huita uteuzi wa asili, ingawa hapa mteuzi alikuwa mtu mwenye bunduki, na kazi hiyo aliimaliza kwa miaka 15 tu.

Kwa nini majike peke yao? Utafiti uliotolewa mwaka 2021 katika jarida la Science ulionyesha kwamba chembe ya urithi inayohusika imo kwenye kromosomu ya X. Jike ana X mbili, hivyo moja ikiwa na kasoro nyingine humsaidia. Dume ana moja tu. Akirithi yenye kasoro, hufa kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana theluthi mbili ya watoto wa mama asiye na pembe ni majike. Kilichomwokoa mama kinamnyima baadhi ya wanawe wa kiume.

Na pembe si pambo. Tembo huchimbia maji nazo wakati wa kiangazi, na wanyama wengine huja kunywa humo humo.

Kati ya majike waliozaliwa Gorongosa baada ya vita, 33 katika 100 hawana pembe. Kiwango kimeshuka, lakini bado hakijarudi kilipokuwa.

Kwetu huku, tembo wa Niassa na Selous huvuka Ruvuma bila pasipoti. Selous walikuwa takriban 109,000 mwaka 1976. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000. Majangili wa miaka hiyo hawakuwa na vita vya kugharimia. Walikuwa na mnunuzi, na aliyewasafirishia. Mwenzangu uliyewahi kuombwa upakie "kimzigo kidogo" chini ya magunia ya ufuta, unajua ninachosema.