Megapikseli Si Ubora: Acheni Kuuziwa Tarakimu

Niseme wazi tangu mwanzo: "Kamera hii ina megapikseli ngapi?" ni swali baya. Ndilo swali ambalo muuzaji anatamani umuulize, kwa sababu jibu lake ni tarakimu moja tu, na tarakimu kubwa huuzwa kwa bei kubwa.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti na programu, kwa hiyo picha za wateja hupita mikononi mwangu kila siku. Wengi wao ni wafanyabiashara wadogo, shule, makanisa, na vijana wanaoanza kupiga picha za harusi. Hawa si watu wa pesa za kuchezea. Wengine hununua kamera kwa mkopo wa chama. Inaniuma kuona mkopo huo ukilipwa miezi kumi na minane kwa ajili ya nukta ambazo hakuna jicho litakaloziona.

Haya, tupige hesabu. Pikseli ni nukta moja ya rangi. Megapikseli ni nukta milioni moja. Zidisha upana kwa urefu, umemaliza. Sasa tazama kila kazi inahitaji ngapi:

- Picha ndani ya ukurasa wa tovuti, 1200 x 800: hazifiki megapikseli 1.
- Video ya 1080p, yaani 1920 x 1080: megapikseli 2.1.
- Picha ya albamu ya inchi 6 kwa 4, nukta 300 kwa kila inchi: megapikseli 2.2.
- Video ya 4K, 3840 x 2160: megapikseli 8.3.
- Ukurasa mzima wa A4 uliochapishwa vizuri, nukta 300 kwa inchi: megapikseli 8.7.

Soma orodha hiyo mara ya pili. Picha ya megapikseli 12 inatosha kazi zote hizo, na chenji inabaki. Sasa niambie, wewe unayepiga picha za viatu uziweke mtandaoni, hizo 50 ni za nini?

Najua kuna atakayeuliza, "Na mabango ya barabarani je?" Swali zuri. Bango hulitazami ukiwa umelibandika puani. Unalitazama kutoka mbali, na kadiri unavyokaa mbali ndivyo nukta chache kwa inchi zinavyotosha. Mwaka 2015 Apple walijaza mabango makubwa katika miji mingi duniani kwa picha zilizopigwa na iPhone 6. Simu hiyo ilikuwa na megapikseli 8. Nane!

Kuna mchezo mwingine unaochezwa kwenye simu. Sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, huandikwa kuwa na megapikseli 48. Lakini simu nyingi za aina hiyo huunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya megapikseli 12. Si wizi, ni uhandisi mzuri, kwa sababu nukta ndogo mno hupokea mwanga kidogo mno. Wizi ni pale tangazo linapokupigia kelele ya 48 na kunyamaza kuhusu 12.

Mwanga ndio mama wa picha. Sensa ya nusu inchi ya simu ina milimita za mraba 31 hivi. Ile ya kamera ya kawaida ya kubadilisha lenzi, aina ya APS-C, ina kati ya 330 na 370 hivi. Hiyo ni zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana kamera kuukuu yenye megapikseli chache inaweza kuiaibisha simu mpya ukumbini usiku. Na ndiyo maana Sony walipotoa A7S III mwaka 2020, kamera ya watu wa video iliyouzwa takriban dola 3,500, waliipa megapikseli 12 tu. Wenye pesa zao wanalipia nukta chache zilizo bora, sisi wa mikopo tunauziwa nukta nyingi dhaifu!

Basi pesa ziende wapi? Nunua kamera iliyotumika. Canon EOS 600D ya mwaka 2011 ina megapikseli 18, inarekodi 1080p, na ina tundu la kuchomeka maikrofoni. Ijaribu kabla ya kulipa. Kisha tafuta lenzi ya 50mm f/1.8. Lenzi ya 18-55mm inayokuja na kamera, ukiivuta hadi mwisho, hufunguka f/5.6 tu. Ile ya f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Halafu stendi ya miguu mitatu, na maikrofoni ya kubana kwenye kola. Mtazamaji atavumilia video isiyo ya 4K. Sauti inayokwaruza hataivumilia hata dakika moja.

Hiyo 4K nayo ina gharama isiyoandikwa kwenye boksi. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja inameza gigabaiti 45. Utahitaji kadi kubwa, diski kubwa, kompyuta yenye nguvu, na data ya kupakia. Bibi harusi ataitazama video kwenye simu.

Na ninyi watengeneza tovuti wenzangu, msicheke. Picha ya megabaiti 6 mnaitupa kwenye ukurasa kama ilivyotoka kwenye kamera, ionekane kwa upana wa pikseli 800. Picha tano, megabaiti 30. Mama aliyenunua bando la kujua karo ya shule ndiye anayelipa uvivu wenu. Ipunguzeni ifike pikseli 1200, ibaneni, itashuka hadi kilobaiti 200 au 300. Ni kazi ya dakika mbili.

Sisemi megapikseli nyingi hazina kazi kabisa. Anayepiga ndege wa mbali kisha akakata kipande kidogo cha picha anazihitaji. Anayechapisha picha kubwa za kutazamwa kwa karibu anazihitaji. Kama wewe ni mmoja wao, unajijua, na hukusubiri muuzaji akwambie.

Wengine, mkiingia dukani, ulizeni hivi: sensa ina ukubwa gani? Lenzi inafunguka kiasi gani? Kuna tundu la maikrofoni? Na kabla hamjatoka nyumbani, jiulizeni lile la kwanza kuliko yote: picha hii itatazamwa wapi? Muuzaji akishindwa kujibu hayo matatu, bakini na pesa zenu mfukoni. Duka la jirani liko wazi.