Tumpime Cheka kwa mizani ya haki

KUANZIA Kwa Sadala hadi stendi ya Moshi mjini, ubishi wa Simba na Yanga ukishaisha huwa unakuja ubishi wa ngumi. Wengine wanasema Francis Cheka 'SMG' wa Morogoro alikuwa bingwa wa dunia na hajatokea kama yeye. Wengine wanasema alikuwa mbabe wa nyumbani tu, akivuka mpaka anapigwa. Sisi tunasema pande zote mbili zina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza mabondia wetu wa leo.

Tuanze na sifa zake. Hapa nyumbani Cheka alikuwa mtu wa kuogopwa. Mada Maugo, Japhet Kaseba, Karama Nyilawila na Thomas Mashali wote walizionja ngumi zake. Alijaza kumbi katika nchi ambayo kila kitu ni soka. Agosti 30, 2013, pale Diamond Jubilee jijini Dar es Salaam, alimshinda Mmarekani Phil Williams kwa pointi na kutwaa mkanda wa WBF uzito wa super middle. Kumpiga Mmarekani kwa raundi 12 si jambo la kubeza.

Lakini shabiki wa soka anajua kuwa si kila kombe lina uzito sawa. Kwenye ngumi za kulipwa, mikanda inayoheshimiwa zaidi ni minne: WBC, WBA, IBF na WBO. WBF haimo. Kumwita Cheka bingwa wa dunia bila kutaja mkanda ni kama kusema timu ni bingwa wa Afrika bila kusema ilichukua kombe gani.

Miezi minne tu baadaye ukweli ulijitokeza. Desemba 2013 Cheka alikwenda Urusi kupigana na Fedor Chudinov, akamalizwa raundi ya tatu. Wapo waliomcheka. Walipaswa kusubiri kidogo, maana Mei 2015 Chudinov huyohuyo alimshinda Felix Sturm nchini Ujerumani na kutwaa mkanda wa WBA. Cheka hakupigwa na mtu wa mtaani. Alipigwa na mtu aliyekuwa njiani kwenda kileleni.

Turudi nyuma hadi 2008, alipokwenda Uingereza na kukutana na Matthew Macklin. Alipoteza kwa pointi, lakini alimaliza raundi zote kumi. Macklin huyo baadaye aliwania ubingwa wa dunia mbele ya Sturm, Sergio Martinez na Gennady Golovkin. Kwa hiyo moyo Cheka alikuwa nao, na kidevu pia.

Pambano linalotuonyesha mpaka wake vizuri zaidi ni la New Delhi, Desemba 17, 2016. Cheka alipanda ulingoni na uzoefu wa mapambano 43. Mpinzani wake, Vijender Singh, alikuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Likaisha raundi ya tatu, Cheka kapigwa. Inakuwaje mtu wa mapambano 43 ashindwe na wa saba? Jibu ni kwamba Vijender alilelewa kwenye ngumi za ridhaa, akapata medali ya shaba ya Olimpiki Beijing 2008. Mapambano yake mengi ya ridhaa yalikuwa dhidi ya watu wakali wa mataifa mbalimbali. Cheka naye alikuwa amefikisha umri wa miaka 34, na mapambano yake mengi yalikuwa na watu walewale wa hapahapa. Uzoefu hauhesabiwi kwa idadi peke yake. Swali ni ulipigana na nani.

Wana Moshi wanalielewa hili. Waliiona Polisi Tanzania ikicheza Ligi Kuu pale Ushirika, kisha mwaka 2023 ikashuka. Wanajua daraja moja na jingine si sawa. Yanga haikuibuka tu kwenye fainali ya Shirikisho 2023. Ilipita hatua ya mchujo, ikapita makundi, ikapita robo na nusu. Soka lina ngazi. Bondia wetu yeye anatolewa ukumbi wa nyumbani na kutupwa moja kwa moja kwa mtu wa kiwango cha dunia.

Na wapagazi wa Machame watakwambia hakuna anayefanya hivyo mlimani. Anayepita njia ya Machame hupandishwa hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, kisha hushushwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Anapanda juu, analala chini, ili mwili uzoee. Ukimkimbiza mtu toka getini hadi Uhuru bila hiyo, utamrudisha kwenye machela.

Tunajua watakaotujibu kwa jina la Hassan Mwakinyo. Ni kweli, Septemba 2018 aliitwa kuziba pengo, akaenda Birmingham na kumsimamisha Sam Eggington raundi ya pili. Ilikuwa kazi ya kiume. Lakini Septemba 2022 alipokutana na Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO, mambo yaliishia raundi ya nne. Usiku mmoja mzuri haujengi njia.

Kwa hiyo tunawaambia mapromota na Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa: kijana asipewe kibali cha kwenda kupigana na mtu mkubwa nje kabla hajapimwa na wapinzani wa Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Afrika Kusini. Na ngumi za ridhaa zifufuliwe mikoani, Kilimanjaro ikiwemo. Huko ndiko alikotoka Titus Simba na fedha ya Jumuiya ya Madola 1970, na Michael Yombayomba na dhahabu ya 1998.

Kipigo cha ngumi si sawa na kufungwa bao tano. Timu iliyofungwa tano Jumamosi, Jumatano inacheza tena. Bondia anarudi na kichwa kilekile kilichopigwa.

Cheka apewe heshima yake kamili kama mfalme wa nyumbani. Kilichomkwamisha hakikuwa woga. Kati ya Morogoro na dunia hapakuwa na ngazi, na hadi leo bado hatujaijenga.