Tuache Kuchekelea Mbwa Wanene

Klipu yangu iliyotazamwa zaidi tangu nianze hii kazi si ile ya makanga, wala ile ya mathe akinifokea juu ya sufuria. Ni Bosco akimeza chapo nzima bila kutafuna. Sekunde tisa. Mlicheka, mkaitisha ingine, nami nikawapea. Mandazi. Mutura. Mkambatiza Mheshimiwa, ati kwa sababu ya tumbo.

Mwezi wa Machi Mheshimiwa alishindwa na ngazi. Tunaishi ghorofa ya pili. Alifika katikati, akakaa, akaniangalia. Na mimi nikatoa simu. Manze, sikumwendea. Nilirekodi kwanza.

Kwa daktari wa mifugo mizani ilisoma kilo 41. Bosco ni chotara wa Labrador, na kwa kimo chake alifaa kuwa karibu 30. Daktari hakunigombeza, na hiyo iliniuma zaidi. Alinionyesha tu jinsi ya kupima nyumbani. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu zikihisika hivyo, mbwa amekonda. Nyoosha mkono, pitisha kidole mgongoni mwa kiganja: hapo yuko sawa. Geuza mkono uguse ile nyama chini ya kidole gumba: huyo amezidi. Mbavu za Bosco sikuzipata kabisa.

Shida ni kwamba kwetu kunona ni sifa. Ukienda ocha ukaambiwa umenona, unajua mambo yako yanaonekana kuwa poa. Tumehamishia hiyo kwa mbwa. Mathe aliposikia habari ya kupunguza chakula alikasirika: "Shosh yako alikuwa na mbwa wanne, nani aliwahi kuwapima kilo?" Ni kweli. Lakini mbwa wa shosh walikuwa wanafuata mbuzi mlimani mchana kutwa. Bosco anafungiwa balkoni tangu asubuhi mpaka mmoja wetu atoke kazi. Wenu wako kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Halafu jioni tunasikia vibaya, tunalipa deni kwa chapo. Na chapo moja ya mafuta inaweza kufika robo ya chakula cha siku nzima cha mbwa wa kilo 30.

Mtaniambia anaomba kila saa, lazima ana njaa. Mwaka wa 2016 watafiti wa Cambridge waligundua kwamba karibu robo ya Labrador wana kasoro kwenye jeni moja inayohusika na kushiba. Kwa hivyo yale macho si ushahidi wa njaa. Na kuna utafiti mwingine wa Marekani, matokeo yalitoka 2002: Labrador 48, nusu yao wakalishwa robo pungufu ya wenzao maisha yao yote. Waliolishwa kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yalichelewa kuwafikia. Miaka miwili, wasee. Kwa mbwa hiyo ni kama sehemu ya sita ya maisha.

Kuna mwenye atasema watu wanalala njaa na mimi niko hapa na unene wa mbwa. Sawa. Basi hiyo chapo mpelekee mtoto wa jirani, Bosco hatakulaumu. Sana sana atakuangalia vibaya.

Sisi tulianza na kikombe kimoja cha zamani, kile hakina mkono. Chakula chake kinapimwa na hicho tu, na aliyemlisha anaandika kwenye karatasi mlangoni. Kazi ngumu haikuwa Bosco, ilikuwa watu. Soja alikuwa anampea mifupa. Mathe alikuwa anaficha ugali kwenye leso, mtu mzima! Saa kumi na mbili asubuhi tunatembea, mwanzo hadi kioski tu, siku hizi hadi stenji na kurudi.

Miezi saba imepita, yuko kilo 35. Klipu ya chapo nimeifuta. Najua wengine wenu mmeondoka, na kuna mmoja aliniuliza kama Mheshimiwa alikufa. Hapana. Jana alipanda ngazi zote, akapumzika mara moja tu, na simu ilikuwa mfukoni.