Arusha Mbele ya Dirisha la Google

Chukua simu, uandike kwa Kiingereza maneno anayoyaandika Mjerumani au Mmarekani anayetaka kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Mara nyingi yanatangulia matangazo ya kulipia. Unafuata muhtasari ulioandikwa na akili mnemba: siku ngapi, ugumu kiasi gani, miezi ipi mizuri. Kisha video, kisha majukwaa makubwa ya nje yanayokusanya kampuni za safari na kulinganisha bei. Kampuni ya Arusha au Moshi yenye mahema, wapishi na wapagazi wake, ile hasa itakayompeleka mgeni huyo kileleni, unaikuta kidole kimeshachoka kuteleza kwenye kioo.

Nimekaa na baadhi ya wenye kampuni hizo. Kilio chao ni kimoja: zamani tulikuwa ukurasa wa kwanza, leo hatuonekani, tufanyeje? Mmoja amebadilisha fundi wa tovuti mara tatu ndani ya miaka miwili, na kila fundi amekuja na dawa yake. Mwingine ameitelekeza tovuti, amehamia Instagram. Wa tatu anapokea wageni kupitia dalali wa mtandaoni na kumwachia komisheni, kwa sababu msimu haumsubiri mtu. Siwalaumu hata kidogo, maana nyuma ya kila mgeni asiyekuja kuna mpagazi aliyekaa nyumbani. Ila naona wote watatu wanakimbiza kitu ambacho hakijawahi kutulia.

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin kwa wazo zuri: ukurasa unaoelekezewa viungo na kurasa nyingine nyingi zinazoheshimika huenda una jambo la maana. Haukupita muda mrefu viungo hivyo vikawa bidhaa, vikauzwa kwa mafungu kama nyanya sokoni. Februari 2011 gazeti la The New York Times lilifichua jinsi JC Penney, duka kubwa la Marekani, lilivyokaa juu ya matokeo kwa kubebwa na maelfu ya viungo vilivyopandikizwa. Google ikalishusha. Mwezi huohuo ikatoa mageuzi yaliyoitwa Panda, yakaziangusha tovuti zilizojaa makala nyepesi. Aprili 2012 ikaja Penguin, ikawakuta wanunuzi wa viungo. Tarehe 21 Aprili 2015 zamu ikawa ya kurasa zisizosomeka vizuri kwenye simu. Agosti 2022 yakalengwa maandishi yanayoandikwa ili kuipendeza mashine kuliko msomaji, na Machi 2024 kamba ikakazwa zaidi. Kila mara aliyekuwa amenunua dawa ya mwaka uliopita alibaki na deni.

Ningependa sana kusema kwamba mwaminifu hupona kila mara, lakini si kweli. Mwaka 2024 HouseFresh, tovuti ndogo inayopima mashine za kusafisha hewa ya ndani, ilieleza hadharani jinsi ilivyopoteza wasomaji wake wa Google huku wachapishaji wakubwa wakipanda juu yake kwa kusifu vifaa ambavyo, kwa maelezo yake, hawakuvipima. Agosti mwaka huohuo Jaji Amit Mehta wa Marekani aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Lakini muuza safari wa Moshi hana mahakama ya kukatia rufaa pale tovuti yake inaposhushwa usiku mmoja. Hili ni dhuluma, na serikali zetu zina haki ya kulisemea.

Sasa limeongezeka jambo zito kuliko mageuzi yote ya nyuma. Tangu Mei 2024 Google imekuwa ikiweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo, ikianzia Marekani. Kituo cha utafiti cha Pew kilifuatilia watumiaji wa huko Machi 2025: walipokutana na muhtasari huo walibofya kiungo cha kawaida katika asilimia 8 tu ya ziara zao, pasipo muhtasari, asilimia 15. Kwa hiyo hata ukishika nafasi ya kwanza, mgeni anaweza kuondoka bila kugonga mlango wako. Ukurasa unaoeleza kwamba Kilimanjaro ina urefu wa mita 5,895 umekwisha kazi. Jibu limeshatolewa hapohapo.

Basi mtu aandike nini? Nimezisoma kurasa za Machame za kampuni nyingi, na ukifunika jina la kampuni hutambui upo kwa nani. Zote zinasifu mandhari, zote zina ratiba ileile, nyingine hadi makosa ya tahajia ni yaleyale. Wakati huohuo mwongozaji wa kampuni hiyohiyo ana maarifa ambayo hayajawahi kugusa karatasi.

Chukua siku ya Lava Tower kwenye njia hiyo ya Machame. Watu hutoka kambi ya Shira, wakapanda hadi zaidi ya mita 4,600, kisha wakashuka kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mgeni asiyeelezwa huiona siku hiyo imepotea bure: ametembea kutwa, na jioni yuko karibu urefu uleule alioamkia. Mwongozaji anajua kwamba hapo ndipo mwili unapozoeshwa hewa nyembamba. Anajua pia kwamba kichwa kinachouma Lava Tower kikatulia Barranco si cha kutisha, lakini kisichotulia lazima kiangaliwe kabla ya kuukabili ukuta wa mwamba wa Barranco asubuhi. Anamjua mgeni anayecheka sana mezani kwa sababu chakula hakipiti. Hayo, yakiandikwa kwa sauti yake, yakiwa na picha aliyoipiga mwenyewe na bei iliyowekwa wazi, ndiyo yanayomfanya mtu wa Hamburg aamini kwamba huyu hataniacha gizani.

Nitaambiwa akili mnemba itayameza na hayo. Itayameza, sikatai. Lakini mtu anayetoa akiba ya miaka miwili hanunui sentensi, anatafuta nani wa kutembea naye kutoka kambi ya Barafu kuelekea kileleni saa sita ya usiku. Akishalijua jina la kampuni, huandika jina lenyewe kwenye kisanduku, na vita vya nafasi kwake vimekwisha. Lengo liwe hilo: kutafutwa kwa jina. Jina hujengwa na wageni waliokwisha kuja, maoni yao kwenye ramani ya Google, na barua pepe mbili kwa mwaka kwa watu ambao anwani zao sasa zinaozea kwenye faili za kuhifadhi nafasi. Tovuti ifunguke upesi kwenye simu, naam; hiyo ni kazi ya kufanya mara moja na kuitunza.

Na TATO, chama cha mawakala wa utalii chenye makao hapahapa Arusha, kingeweza kuwakalisha waongozaji na waandishi pamoja kabla msimu haujaanza, wazalishe kurasa za Kiingereza, Kijerumani na Kiswahili pia, maana Mtanzania wa Dodoma anayetaka kuupanda mlima wake anastahili maelezo ya kutosha kwa lugha yake.

Wiki iliyopita nilimwomba mwongozaji mmoja anisimulie siku ya Lava Tower. Alinitumia sauti ya dakika nne kwa WhatsApp, upepo ukisikika nyuma. Nilimpelekea mwajiri wake. Akaisikiliza mara mbili, akavuta kompyuta, akafungua ukurasa wake wa Machame na kuanza kufuta.